Neno “Idiot”: Lilikotoka, Lilikopita na Namna ya Kulitafsiri

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili, katika darasa letu la tafsiri, kipande kifupi cha Kanuni ya Adhabu ya Uganda wakitie katika Kiswahili. Nilichagua kifungu cha 130, kwa hesabu ya toleo la sheria la mwaka 2000. Sikuwa na nia ya kuwatega. Nilikichagua kwa kuwa ni kifupi. Kifungu hicho kinamhusu mwanamume anayemwingilia mwanamke au msichana ambaye sheria inamwita “idiot or imbecile”, hali akijua kwamba yuko hivyo. Adhabu iliyowekwa ni kifungo kinachoweza kufika miaka 14.

Daftari la kwanza nililolifungua lilikuwa na kichwa hiki: Kuwanajisi Wapumbavu. La pili: Kuwanajisi Wajinga. La tatu lilikuwa na majuha. Nilipozisoma tafsiri hizo kwa sauti darasa zima liliangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Kisha binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akanyosha mkono. “Mwalimu,” akasema, “dada yangu mkubwa hawezi kuvaa nguo bila kusaidiwa. Ndiye mpumbavu wa sheria hii?”

Hakuna aliyecheka tena. Nilimwambia nitamjibu wiki inayofuata, na jibu lenyewe likarefuka hata likawa makala haya. Swali lake lilikuwa la msamiati, lakini lilikuwa pia swali la haki. Kifungu kile kiliandikwa kumlinda mtu asiyeweza kujilinda. Tukisema “mpumbavu” tumembadilisha anayelindwa: mpumbavu ni mtu ambaye tunamlaumu kwa alilolifanya, na mlaumiwa hapewi ulinzi.

Tuanzie mbali kidogo. Mzizi wa “idiot” uko katika Kigiriki cha kale, kwenye kivumishi idios, chenye maana ya “-a mwenyewe” au “-a binafsi”. Kutokana nacho Wagiriki walipata nomino idiotes, yaani mtu binafsi, mtu wa kawaida asiye na cheo wala ofisi. Walimu wa lugha wanaye ndugu wa neno hili mezani kila siku. Neno la Kiingereza “idiom”, ambalo kwetu ni nahau, linatoka kwenye mzizi huohuo, kwa kuwa nahau ni usemi ulio mali ya lugha fulani yenyewe. Nilipowaambia wanafunzi kwamba “idiom” na “idiot” ni watoto wa nyumba moja hawakuniamini mpaka walipofungua kamusi.

Maana ya idiotes ilitegemea mtu huyo anasimamishwa mbele ya nani. Mbele ya jemadari, alikuwa askari wa kawaida. Mbele ya mtawala, raia tu. Plato analitumia kwa mwandishi asiyetunga kwa mizani, akimlinganisha na mshairi. Mwanahistoria Thucydides, alipoeleza tauni iliyoupiga mji wa Athens mwaka 430 K.K., alisema kila mtu, awe tabibu au idiotes, na aseme anavyoona kuhusu chanzo cha ugonjwa ule. Hapo hapana tusi hata kidogo. Ni kusema tu: wenye fani na wasio wenye fani. Kiswahili cha kanisani kina neno linalokaribia sana maana hii, nalo ni mlei. Mlei si mjinga. Ni mtu asiye kasisi.

Hapa sina budi kusahihisha hadithi moja ambayo hupendwa sana, hasa nyakati za uchaguzi. Husemwa kwamba Wagiriki walimwita “idiot” mtu aliyekataa kushiriki siasa, na kwamba Pericles, kiongozi wa Athens, alilisema hilo katika hotuba yake ya mazishi. Hadithi ni tamu, na niliwahi kuifundisha mwenyewe. Lakini ukiitazama hotuba hiyo kama Thucydides alivyoiandika, utakuta kwamba Pericles anapomtaja mtu asiyejishughulisha na mambo ya mji hatumii idiotes. Anatumia achreios, maana yake mtu asiye na faida. Ni kweli kwamba idiotes alikuwa mtu asiye na wadhifa wa umma, na ni kweli kwamba Waathene waliuthamini sana ushiriki wa raia. Kuyaunganisha mambo hayo mawili na kusema neno lilizaliwa likiwa tusi la kisiasa ni kulibebesha mzigo ambao halikuubeba. Asiyepiga kura ana lawama zake nyingine. Asitafutiwe hili kutoka Ugiriki.

Waroma walilichukua neno na kulifanya idiota, na huko likazidi kuelekea upande wa ukosefu wa elimu. Dalili za mwelekeo huo zinaonekana pia katika Agano Jipya la Kigiriki. Katika Matendo ya Mitume sura ya 4, wakuu wa Yerusalemu wanastaajabu kuona Petro na Yohana wakihutubia kwa ujasiri ilhali ni watu wasiojua maandiko, tena idiotai. Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anakubali kuitwa idiotes kwa upande wa usemi, kisha anakana kwamba yuko hivyo kwa upande wa elimu. Maana yake ni kwamba hakusomea ufasaha wa kuhutubia. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilielewa hilo, wakatumia maneno ya ukosefu wa elimu na ufasaha, wala hawakuandika popote hapo kwamba mitume walikuwa wapumbavu. Ni kazi nzuri ambayo wanafunzi wetu wa tafsiri wangefaa kuichunguza.

Kupitia Kifaransa cha zamani neno likaingia Kiingereza. Biblia ya Kiingereza inayohusishwa na John Wycliffe, ya mwishoni mwa karne ya 14, ilitumia “idiot” katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 14 kwa mtu wa kawaida aliyemo kanisani asiyeelewa lugha inayosaliwa. Watafsiri wa Biblia ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, walipofika mahali hapohapo waliliepuka, wakaandika neno la mtu asiye na elimu. Katika karne hizo mbili na kidogo neno lilikuwa limeharibika, na lililoliharibu zaidi ni sheria.

Tangu enzi za kati mfalme wa Uingereza alikuwa na haki juu ya ardhi ya watu wasio na akili timamu, na wanasheria waliwagawa mafungu mawili. Wa kwanza ni “idiot”, aliyezaliwa bila akili na asiyetazamiwa kuipata. Wa pili ni yule aliyepatwa na wazimu, ambaye huenda akapona. Tofauti hiyo ilikuwa na fedha ndani yake. Mali ya mwendawazimu ilitunzwa kwa niaba yake, na mapato yake hayakuwa ya mfalme. Mali ya “idiot” ilishikwa na mfalme, ambaye baada ya kumpa mwenyewe chakula na mahitaji yake alijichukulia mapato mpaka mtu huyo afe, ndipo ardhi ikarudi kwa warithi. Basi mtu akiwa na shamba zuri, hapakukosekana wa kutamani athibitishwe kuwa “idiot”, kwani mfalme aliweza kumkabidhi mwingine uangalizi huo pamoja na faida zake.

Alithibitishwaje? Jaji Anthony Fitzherbert, katika kitabu chake cha sheria cha mwaka 1534, anataja vipimo: mtu asiyeweza kuhesabu peni 20, asiyeweza kumtaja baba yake wala mama yake, na asiyejua umri wake. Nilipowaeleza wanafunzi, mmoja alisema bibi yake hajui mwaka aliozaliwa lakini hakuna anayemshinda sokoni. Ni kweli, na ndiyo maana kuhesabu sarafu kulikuwa kipimo kizito kuliko umri. Tuangalie jinsi maana ilivyohama. Mtu wa kawaida wa Athens amekuwa mtu asiyesoma, na mtu asiyesoma amekuwa mtu asiyeweza kuhesabu ishirini.

Karne ya 19 ilimhamisha tena, kutoka mahakamani kwenda hospitalini. Mwaka 1855 kule Earlswood, kusini mwa London, lilifunguliwa jengo kubwa la kuwatunza watu hao, na neno “idiots” likawekwa katika jina la taasisi yenyewe bila aibu yoyote. Daktari wa hapo, John Langdon Down, ndiye aliyeeleza mwaka 1866 hali ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Yeye aliiita kwa jina la Wamongolia pamoja na neno hili hili, kwa kuwa aliamini sura za wagonjwa wake zinafanana na za taifa hilo. Mwaka 1965 ujumbe wa Mongolia ulipeleka ombi kwa Shirika la Afya Duniani jina hilo liachwe, na likaachwa.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria maalumu ya “idiots” mwaka 1886, kisha nyingine pana zaidi mwaka 1913, iliyowapanga watu kwa madaraja. Chini kabisa waliwekwa “idiots”, ambao sheria iliwaeleza kuwa hawawezi kujikinga na hatari za kawaida za mwili. Juu yao waliwekwa “imbeciles”, kisha wale wenye udhaifu mdogo zaidi wa akili. Marekani nako, mwaka 1910, mwanasaikolojia Henry Goddard, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya Vineland, New Jersey, alichukua vipimo vya akili vya Mfaransa Alfred Binet akapanga ngazi kwa umri wa akili. “Idiot” ni mwenye akili ya mtoto asiyefika miaka 3, “imbecile” ni kati ya 3 na 7, na kwa wa kati ya 8 na 12 akabuni neno jipya, “moron”, kutokana na neno la Kigiriki la mpumbavu. Msomaji anayedhani “moron” ni tusi la kale la mitaani ajue kwamba lilitungwa na msomi, ofisini, kwa nia ya kuwa istilahi ya kisayansi.

Istilahi hizi zilikuwa na meno. Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la Virginia lina haki ya kumfunga kizazi kwa nguvu msichana Carrie Buck. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba vizazi vitatu vya “imbeciles” vinatosha, akimhesabu msichana huyo, mama yake, na mtoto wake mchanga. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba Carrie Buck hakuwa na upungufu wowote wa akili. Alipata mimba kwa kubakwa, na binti yake alikuwa akifanya vizuri shuleni kabla ya kufa akiwa na miaka 8. Watu zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi nchini Marekani chini ya sheria za aina hiyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba neno ni neno tu.

Baada ya vita vya pili vya dunia matabibu walianza kuyaacha maneno haya, maana watoto shuleni walikuwa wameshayafanya matusi. Uingereza iliifuta sheria ya 1913 mwaka 1959. Marekani ilileta istilahi ya “akili iliyochelewa”, nayo ikageuka tusi vilevile, hata mwaka 2010 ikaondolewa katika sheria za serikali kuu kwa ile iitwayo Sheria ya Rosa, ikawekwa “ulemavu wa akili”. Wanaisimu wameliona jambo hili katika lugha nyingi. Jina likishikamana na mtu anayedharauliwa, dharau hulifuata jina. Ukimpa jipya, huhamia huko. Wapo wanaosema basi hakuna haja ya kubadilisha. Mimi sikubaliani nao. Nguo huchafuka kila wiki na bado tunaifua.

Tumerudi sasa kwenye kifungu chetu. Kanuni za adhabu za Uganda, Kenya na Tanganyika zilitungwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa kielelezo kinachofanana, ndiyo maana kifungu kilekile unakikuta pia Tanzania kikiwa cha 137 na Kenya kikiwa cha 146. Waandishi wake walitumia “idiot” na “imbecile” kwa maana ya kisheria na kitabibu ya zama zao. Hawakuwa wanatukana. Lakini msomaji wa leo anasikia tusi, na mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilisema hivyo hivyo: kwamba kuwaita watu kwa maneno hayo katika sheria kunawavunjia hadhi yao.

Swali linalobaki ni la kwetu sisi wa Kiswahili. Kamusi hutuwekea mbele mjinga, mpumbavu, juha, punguani, taahira, zuzu na bwege kana kwamba ni sahani moja. Sivyo.

Mjinga ni asiyejua, na kutojua kuna dawa. Ndiyo maana husemwa kuuliza si ujinga, na mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere aliutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, na madarasa ya watu wazima yakaitwa kisomo cha kufuta ujinga. Mzee wa miaka 60 aliingia darasa hilo bila kuona ametukanwa. Historia ya neno ina upande mchungu pia. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mjinga lilikuwa jina la mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za mji, tofauti na mzalia aliyezaliwa hapo. Mgeni akaitwa asiyejua, kama vile mtu asiye na fani alivyogeuka asiye na akili kule Ulaya. Kwa hiyo idiotai wa Matendo ya Mitume wakitafsiriwa “wajinga” kwa maana hii ya kwanza, si kosa kubwa sana, ingawa masikio ya leo yangeshtuka.

Mpumbavu ni mwingine. Limetokana na kitenzi pumbaa, kwa kiambishi kilekile kinachotupa mpotevu kutoka potea na mlegevu kutoka legea. Aliyepumbaa ana akili zake, ila hazitumii. Lawama imo ndani ya neno. Wanafunzi wetu wanaotoka Buganda watalilinganisha na omusiru, nalo hutamkwa kwa hasira vilevile. Hili ndilo linalofaa dereva wa teksi anapopigwa kikumbo barabarani akafoka “idiot!” kwa Kiingereza.

Juha ni wa kuchekwa. Anafanana jina na Juha wa hadithi za Waarabu, mzee anayefanya vituko ambavyo mara nyingine vina busara kuliko za wenye busara. Zuzu na bwege wako jirani naye. Punguani limetoka kwenye pungua, na linasema wazi kwamba kipo kilichopungua. Taahira ndilo lililokaribia zaidi istilahi ya zamani ya kitabibu, lakini nalo limekwisha kutupwa mitaani kama jiwe. Nimelisikia likirushwa kwa mchezaji aliyekosa penalti.

Maoni yangu, basi, ni kwamba mtafsiri akikutana na “idiot” aulize kwanza maandishi ni ya mwaka gani na ya nyanja ipi. Katika maandishi ya enzi za kati ni mtu asiyesoma, au mlei. Katika riwaya ya Fyodor Dostoevsky iliyotoka 1868 na 1869 kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa Mwanamfalme Myshkin anaitwa hivyo kwa ugonjwa wake wa kifafa uliompeleka kutibiwa Uswisi, na pia kwa wema wake unaowashinda watu kuuelewa. Mimi ningechagua punguani, lakini mwenzangu wa fasihi anashikilia juha na hatujapatana. Katika ripoti ya daktari ya 1913, taahira, pamoja na maelezo ya mtafsiri kwamba ndivyo walivyosema wakati ule. Katika maandishi yatakayosomwa kituo cha polisi leo, mbele ya mama aliyekuja kushtaki kwa ajili ya binti yake, ni mtu mwenye ulemavu wa akili, hata kama Kiingereza kilicho mezani bado kina neno la zamani.

Wiki iliyofuata niliyaeleza hayo darasani kwa ufupi. Yule binti alisikiliza, kisha akaleta tafsiri yake mwenyewe ya kichwa cha kifungu: Kumnajisi Mwanamke Mwenye Ulemavu wa Akili. Mwenzake akapinga kwamba sheria ina maneno mawili, “idiot” na “imbecile”, na yeye ameweka moja. Alikuwa na haki. “Imbecile” lilitoka kwenye neno la Kilatini la udhaifu, na lilikuwa daraja lake peke yake. Wakabishana hadi kengele ikalia. Katika daftari lililorudi kwangu ilikuwa imeongezwa kwa kalamu nyingine: uwe mkubwa au mdogo. Niliweka alama ya vema.